"Mkimbiaji anakimbia, mengine mbwembwe": dhana zilizoniponza

Nilibakiza wiki 5 nikakimbie nusu marathoni Moshi, nikajikuta siwezi kushuka daladala bila kung'ang'ania mlango. Kwenye ugoko wa kushoto palikuwa na sehemu moja, upana wa kidole gumba, nikiibonyeza machozi yananilenga. Pumzi nilikuwa nayo tele. Mguu ndio uliogoma. Na chanzo chake ni maneno niliyoyakuta kwenye kundi letu la jogging, kwamba mkimbiaji anakimbia tu na mazoezi mengine yote ni mbwembwe, nikayameza bila kuyatafuna.

Dhana: Ukitaka kukimbia vizuri, wewe kimbia tu

Ukweli: ni kweli hakuna zoezi linaloziba kabisa nafasi ya kukimbia. Tatizo ni kwamba moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu anajisikia mwepesi, anaongeza kilomita, na mifupa bado iko nyuma. Kila hatua unayokimbia inauangushia mguu mzigo wa mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 140 hadi 210, na kilomita moja ina hatua zinazokaribia 1,000. Baiskeli inaufanyisha moyo kazi bila kishindo hicho.

Mfano ninaoupenda ni wa Joan Benoit wa Marekani. Mwaka 1984 alipasuliwa goti siku 17 tu kabla ya mchujo wa Olimpiki. Alipokuwa hawezi kukimbia, alizungusha pedali za baiskeli kwa mikono ili moyo usilale. Akashinda mchujo, na Agosti 5, kule Los Angeles, akachukua dhahabu ya marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki kwa saa 2:24:52. Bila shaka alikuwa na akiba ya miaka ya kukimbia mwilini. Mikono peke yake haimpi mtu dhahabu.

Dhana: Vyuma vitakufanya mzito

Hii ndiyo imetuharibia wengi, hasa dada zetu wanaoogopa kutanuka. Misuli haivimbi kirahisi hivyo kwa mtu anayekimbia kilomita nyingi. Mwaka 1999 watafiti wa Finland waliwapa wanamichezo wa mbio ndefu mazoezi ya kuruka na ya nguvu kwa wiki 9, wakipunguza sehemu ya mazoezi yao ya kawaida. Muda wao wa kilomita 5 ulipungua, ingawa uwezo wa mwili kutumia oksijeni haukupanda. Walichopata ni miguu inayotumia nguvu kidogo kwa mwendo uleule. Hata kambi ya Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, pamoja na kilomita zake zinazovuka 200 kwa wiki, ina vipindi vya mazoezi ya nguvu.

Wala huhitaji jimu. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia hewani, mkono ukigusa ukuta. Panda kwa vidole ukihesabu mbili, shuka polepole ukihesabu tatu, mpaka kisigino kipite usawa wa ngazi. Kigimbi kitawaka moto. Mara yangu ya kwanza, mguu wa kulia nilifika 17, wa kushoto nikakwama kwenye 9. Nikaelewa ni mguu upi uliokuwa unabeba mzigo usiouweza.

Dhana: Kuogelea kunajenga kila kitu

Kunajenga moyo, mapafu na mabega. Mfupa hauongezeki nguvu mpaka ubebeshwe uzito, na maji yanakubeba wewe. Anayeogelea au kuendesha baiskeli pekee kwa miezi, siku akirudi barabarani aanze kidogokidogo, na kamba ya kuruka isikosekane.

Ukifanya mazoezi ya kukimbia ndani ya maji ya kina kwa mkanda wa kuelea, usishtuke saa ikionyesha mapigo ya moyo ya chini kuliko barabarani. Majini ndivyo ilivyo. Na usiende peke yako.

Dhana: Siku ya baiskeli, au ya mpira, ni siku ya mapumziko

Inategemea. Ukiendesha huku unaweza kupiga soga, sawa. Ukipanda mlima ulimi nje, hayo ni mazoezi magumu, yahesabu. Mpira wa bonanza ndio kabisa: kukata kona na kusimama ghafla kunachosha miguu kuliko kilomita 10 za taratibu.

Dhana: Maumivu yakizidi, hamia kwenye baiskeli uendelee

Maumivu ya misuli iliyochoka, sawa. Lakini yakikaa mahali pamoja juu ya mfupa, na yakikuuma hata ukitembea, nenda hospitali kwanza, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Na eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi huonyesha mfupa mzima, kwa hiyo ikitoka safi na maumivu bado yapo, usirudi barabarani. Rudi kwa daktari.

Moshi sikwenda mwaka ule. Nilikwenda uliofuata, na kwenye ngazi mguu wa kushoto ulikuwa umefika 22.