Je, kumwita mtu nice ni kumtukana?

Wapo wanaodai kuwa kivumishi cha Kiingereza nice (leo "-zuri, -a kupendeza") ni tusi lililofichwa, eti kwa sababu zamani kilimaanisha "mjinga". Asili hiyo ni ya kweli. Hitimisho ndilo potofu. Maana ya neno huamuliwa na wanaolitumia leo, si na babu yake.

Babu mwenyewe ni nescius ya Kilatini: ne- ya kukanusha na scire, kujua. Yaani asiyejua. Kifaransa cha kale kikalifanya "mpumbavu", na Kiingereza kikalipokea hivyo mnamo mwaka 1300. Baadaye likawa "mchaguzi kupita kiasi", likasogea hadi "makini, sahihi". Maana ya "-zuri" ilienea karne ya 18.

Linalowaponza watafsiri hasa ni ule umakini wa zamani, maana bado u hai. A nice distinction si tofauti nzuri, bali tofauti ndogo sana inayotaka jicho kali. Utaikuta zaidi katika maandishi ya sheria na falsafa. Nayo nice and warm haitaji sifa mbili: nice and inakoleza tu, kwamba joto lenyewe linapendeza. A nice mess, yaani "vurugu nzuri", bila shaka ni kejeli.