Hewa inayobanwa: tunayokosea tukiiga kwa kompyuta

Pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, malori yakisubiri kuvuka, fundi wa tairi akichomoa kile kipini cha ndani ya valvu utaziba masikio. Wengi wanaamini hesabu za hewa inayobanwa ni za roketi na ndege za kivita. Si kweli. Presha ya ndani ikifika tu karibu mara 1.9 ya ile ya nje, hewa kwenye tundu hufikia kasi ya sauti, na tairi la lori limeshapita hapo mbali. Ukizidi kujaza, kasi pale tunduni haipandi. Kinachopanda ni wingi wa hewa inayotoka.

Tukiiga hewa hii kwa kompyuta, nafasi hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo seli. Dhana inayonisumbua zaidi ni hii: “Ongeza seli, jibu litanyooka.” Mwanafunzi wangu mmoja hapa Kampala alinionyesha grafu yenye meno ya msumeno kando ya wimbi la mshtuko, yaani mahali presha inaporuka ghafla. Alikuwa ametoka seli 100 hadi 800. Meno yalisogeleana, ila hayakufupika. Mwanahisabati Godunov alishathibitisha mwaka 1959 kwamba njia ya mstari (inayotumia kanuni ileile kila mahali) isiyozusha vilele vipya haiwezi kupita daraja la kwanza la usahihi, yaani ukipunguza seli nusu, kosa nalo hupungua nusu tu. Dawa ni njia isiyo ya mstari, inayopima mteremko na kuubana pale unapokuwa mkali.

Hatua ya muda nayo, yaani muda ambao kompyuta huruka kila inapopiga hesabu: sauti isivuke zaidi ya seli moja kwa hatua, hivyo seli ya sentimita 1 na sauti ya mita 340 kwa sekunde hudai hatua isiyozidi mikrosekunde 29 hivi, hata hewa ikiwa imetulia. Lakini kuipunguza mno hakuleti usahihi kila mara. Kwa njia sahili ya daraja la kwanza, ukingo wa wimbi huzidi kufifia.

Kisha kuna wanaoandika milinganyo kwa kasi na presha, kwa kuwa kwenye karatasi inalingana na ile ya tungamo, momenta (tungamo mara kasi) na nishati. Kwenye mshtuko hailingani. Wimbi hufika mahali pasipo pake, na kutumia seli ndogo zaidi hakurekebishi. Lazima hesabu iwe kama ya magunia mpakani: yaliyotoka Kenya ndiyo hayohayo yahesabiwe Uganda, seli hadi seli.

Wala huhitaji kompyuta kubwa. Bomba la Sod la 1978, zoezi la kupimia programu hizi, lenye presha 1 upande mmoja na 0.1 upande wa pili, laptopu ya kawaida hulimaliza kwa sekunde chache, na jibu kamili la kulinganisha lipo. Anza nalo, na kwanza kabisa tazama wimbi limefika wapi.