Faili inasema "kawaida", binti bado anashtuka usiku

Swali: Binti yangu ana miaka 16. Alijifungua bila kupasuliwa, mtoto mzima. Lakini siku ya kliniki, tukishaingia matatu tu, jasho linamtoka. Anadeka?

Hadeki, mamangu. Huenda ni kiwewe cha uzazi, yaani hofu ya siku ya kujifungua iliyokataa kumtoka. Faili huandika "kawaida" kwa kuangalia damu, mshono na mtoto. Haisemi kama alipimwa njia na watu watatu bila kuelezwa, kama alifokewa akilia, au alishonwa ganzi haijashika. Kwa wengi wa umri huu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kulazwa hospitali. Na kama mimba ilitokana na kubakwa, kule kupimwa njia tu kwaweza kumrudisha siku ile. Kwa hivyo twauliza alichohisi yeye: uliogopa kufa? Ulidhani mtoto amekufa?

Swali: Hupimwa vipi?

Kwa maswali. Ipo fomu ya maswali 29 iliyochapishwa 2018 na Susan Ayers na wenzake, London. Huuliza kuhusu majinamizi, kumbukumbu zinazomvamia, kushtuka ovyo, kukwepa chochote kinachomkumbusha uzazi. Ile ya Edinburgh ya 1987, yenye maswali 10, hupima huzuni ya siku 7 zilizopita. Binti aweza kupata alama ndogo humo na bado halali kwa hofu, ndiyo maana moja haitoshi. Tena fomu haimalizi kazi, huonyesha tu nani amwone mtaalamu. Mimi huanza hivi: "Nihadithie siku ile ya uchungu. Wapi uliogopa zaidi?" Kisha nanyamaza, hata akikaa dakika nzima akisokota pindo la leso.

Swali: Lini?

Wiki za mwanzo wengi hushtuka, kisha hutulia. Dalili zikipita mwezi mmoja, apimwe. Kwetu Mombasa arobaini hukaribiana na chanjo ya wiki ya 6, basi aulizwe siku hiyo hiyo.

Swali: Nikae naye chumbani?

Mpakate mjukuu, ungoje nje kwenye benchi. Najua inauma. Lakini mbele ya mama, mume au mavyaa, msichana hujibu "niko sawa", na hapo kipimo kimeharibika.

Swali: Akisema hataki kuishi?

Usimwache peke yake, hata msalani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Akiwa chini ya miaka 18, simu ya watoto ni 116, haina malipo.