Hisia za mtoto mdogo na vitabu vya picha: maswali ya wazazi na majibu

Kadi ya kliniki ina mstari wa uzito na visanduku vya chanjo. Haina pahali pa kuandika kwamba mtoto anajitupa chini kila anyimwapo kitu, au kwamba tangu mdogo wake azaliwe amekuwa mkimya kupita kawaida. Maswali yafuatayo ni ya upande huo wa afya, na yanahusu hasa watoto wa chini ya miaka minane.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Akikosa anachotaka anajitupa chini na kupiga mateke. Nimenunua kitabu cha hisia, lakini nikimwonyesha wakati huo anakirusha. Nakosea wapi?

Kitabu hakina tatizo, tatizo ni saa. Mtoto aliyepandisha hasira hasikii hadithi ya mtu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, bado ni changa mno katika umri wake, na huendelea kukomaa hadi mtu anavuka miaka 20. Wakati huo anachohitaji ni wewe mwenyewe. Kaa chini karibu naye, sogeza vitu vinavyoweza kumuumiza, sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Ulitaka juisi. Nipo hapa." Kisha subiri. Juisi usimpe ili anyamaze, maana kesho atajua njia.

Kitabu kisome akiwa ameshiba, ameoga na ametulia. Kazi yake ni kumwekea maneno akiba, ili siku nyingine akiwashwa na hasira awe na kitu cha kusema kabla ya mguu kuruka. Usitegemee mabadiliko ndani ya wiki. Na ujue kwamba kujitupa chini kati ya mwaka mmoja na minne ni sehemu ya kawaida ya kukua, si dalili ya mtoto mbaya wala mama dhaifu.

Kuna faida gani ya kitabu ambayo mazungumzo ya kawaida hayana?

Uso wa mtu halisi hubadilika upesi. Mtoto anamwona dada yake amenuna, akigeuka dada anacheka, na nafasi ya kujifunza imepita. Picha inamngoja. Anaweza kuitazama, kuigusa, kurudi nyuma ukurasa mmoja kuona kilichotokea kabla ya yule kulia. Hapo ndipo anaanza kushika kwamba hisia ina sababu, na kwamba huja na kuondoka.

Faida ya pili naiona kubwa zaidi: kwenye kitabu hashtakiwi. Ukimuuliza "Kwa nini ulimpiga mwenzako?" anajua kesi imefunguliwa, atakaa kimya au atadanganya. Ukimuuliza kwa nini mvulana wa kwenye picha amempiga mwenzake, atakueleza vizuri sana, na mara nyingi atakuwa anajieleza mwenyewe.

Kuipa hisia jina nako kuna nguvu yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu wazima picha za nyuso zenye hasira au woga huku wakipima shughuli za ubongo. Walipoitaja hisia kwa neno, shughuli ilipungua katika amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na tahadhari na woga. Hao walikuwa watu wazima, kwa hiyo tusiupeleke utafiti huo kwa watoto moja kwa moja, lakini mlezi yeyote aliyewahi kumwona mtoto akitulia baada ya kuambiwa "umeogopa, eeh?" hatashangaa.

Nisome vipi? Nikisoma mwanzo hadi mwisho anachoka njiani.

Si lazima ufike mwisho. Kwa watoto wadogo ukurasa mmoja uliozungumzwa una thamani kuliko kitabu kizima kilichosomwa kama taarifa ya habari. Mwaka 1988 huko Marekani, Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi kusoma kwa mtindo wa mazungumzo: mzazi aulize maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana", amsikilize mtoto, kisha alirudie jibu lake kwa kuliongezea. Katika mwezi mmoja tu watoto hao waliwapita kwa lugha wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida. Utafiti ule ulipima lugha, haukupima hisia. Ila njia ni ileile, na kwenye hisia inafaa kweli.

Tuchukue picha ya msichana mwenye begi, amesimama mlangoni mwa darasa la awali, mkono mmoja umekamata gauni la mama yake.

"Mwangalie huyu. Uso wake ukoje?"

"Analia."

"Eeh, machozi yanamtoka. Na mkono wake umeshika nini?"

"Gauni la mama."

"Kalikamata kweli kweli! Mimi nadhani anaogopa, hajawahi kuja shule. Wewe unaonaje?"

"Anataka kwenda nyumbani."

"Anataka kwenda nyumbani na mama yake. Sasa hapo nani atamsaidia?"

Tazama alichofanya mzazi. Hakuanza na jina la hisia, alianza na kinachoonekana: machozi, mkono. Aliposema "anaogopa" alilisema kama wazo lake, akamwachia mtoto nafasi ya kuona vingine. Mtoto hakulirudia neno "anaogopa", na mzazi hakumlazimisha. Ukishauliza, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kuongeza neno. Watu wazima tuna haraka, mtoto bado anatafuta la kusema.

Baada ya hapo unaweza kugusa maisha yake kidogo: "Unakumbuka siku ile kwa shangazi, ulipokataa kushuka kwenye gari?" Akijibu, endeleeni. Akifungua ukurasa mwingine, mwache. Kitu kimoja cha kuepuka ni kufunga hadithi kwa hukumu: "Umeona? Mtoto mzuri halii." Sentensi hiyo moja inafuta yote mliyozungumza.

Akitaka kitabu kilekile kila siku, msomee. Wewe umechoka, yeye bado anakifanyia kazi.

Aanze na maneno gani?

Furaha, hasira, huzuni, woga. Watoto wengi huanza kuitambua furaha, kisha hasira na huzuni; woga na mshangao huja baadaye. Akifika miaka minne au mitano ongeza wivu, aibu, upweke, hamu, wasiwasi. Hisia mbili kwa mpigo, kama kufurahia mdogo wake kuzaliwa na papo hapo kumwonea wivu, watoto wengi huzielewa vizuri wakishafika miaka saba, minane hivi. Usishangae mwenye miaka minne akikukatalia kabisa kwamba jambo hilo linawezekana.

Fungamanisha neno na mwili. Mtoto mdogo hasemi "nina wasiwasi", anasema tumbo linauma. Kwenye picha onyesha mabega yaliyopanda, ngumi, kichwa kilichoinama, halafu uliza moyo wa huyu unadunda vipi. Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma, Kiluo au Kimakonde, tumieni hichohicho. Mtoto aelezwe hisia kwa lugha ambayo mlezi anaimudu.

Mimi sivipendi sana vile vitabu vyenye sura za duara tu, moja inacheka, moja inalia, moja imekunja uso. Vinasaidia kufundisha majina, lakini sura isiyo na kisa haimwambii mtoto kwa nini mtu yuko vile. Chagua chenye kisa, hata kifupi.

Hadithi zetu za Sungura na Fisi zinafaa?

Zinafaa kwa mengi: kucheka, kutega akili, kukaa karibu na mtoto wakati wa "Paukwa!" "Pakawa!" Kwa hisia, lakini, weka na vitabu vyenye watoto ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi kuhusu kugawana vitu. Kwa kundi moja wahusika walikuwa watu, kwa kundi jingine walikuwa wanyama waliovikwa nguo na kusemeshwa. Waliosomewa ya watu ndio waliozidisha kuwagawia wenzao stika zao. Huenda mtoto hujiona kwa urahisi zaidi kwa mtoto mwenzake. Na Fisi wetu, maskini, kila siku ni mlafi na mjinga. Siku moja muulize mwanao Fisi alijisikiaje alipochekwa na wote.

Mume wangu anasema mtoto wa kiume akizoezwa mambo ya hisia atakuwa legelege.

Mtoto wa kiume ana hasira, woga na huzuni sawasawa na dada yake. Akikatazwa kuvitaja havitoweki, hubaki na njia ya ngumi. Kusema "naona umekasirika" si kumruhusu apige. Mpaka unabaki palepale: kukasirika ruksa, kumpiga mwenzako hapana. Dawa nzuri ya mabishano haya ni baba mwenyewe akamate kitabu. Mvulana akimsikia baba yake anasema "huyu kaogopa, hata mimi mbwa mkali hunitisha", ameshajifunza zaidi ya mahubiri ya mwezi.

Mwanangu anaogopa sindano hadi akiona geti la kliniki analia.

Kwanza acheni kumtishia nyumbani. "Ukisumbua nitamwita daktari akuchome" ni kauli tunayoisikia kila mtaa, na gharama yake hulipwa kliniki. Ratiba ya chanjo Tanzania humrudisha mtoto wiki ya 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18 kwa surua-rubela. Wa miezi 18 tayari anakumbuka na anatambua pahali.

Siku moja au mbili kabla ya kwenda, tazameni picha za mtoto aliye kliniki. Kama huna kitabu chenye hayo, chora: mtoto kwenye benchi, nesi, mkono, mama amempakata, mtoto anarudi nyumbani. Vijiti vitano na duara la kichwa vinatosha. Mwambie ukweli: "Itauma kidogo, kama kufinywa, halafu itaisha. Nitakushika. Ukitaka kulia, lia." Ukimwambia haitauma, umeuza imani yake kwa dakika tano za utulivu. Mkirudi, chukueni picha zilezile, akueleze yeye safari hii.

Vitabu ni ghali. Nifanyeje?

Maktaba za umma zipo. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, na maktaba za mikoa zina vitabu vya watoto. Kenya nako maktaba za taifa zina sehemu ya watoto. Mwenye simu anaweza kupata bure hadithi fupi zenye picha kwa Kiswahili kupitia African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini.

Au tengeneza. Kata karatasi za daftari, shona kwa uzi, bandika picha za nyuso kutoka magazeti ya zamani au picha za familia: siku bibi alipokuja, siku mvua ilipoharibu sherehe. Muulize mtoto kila mmoja alijisikiaje, andika jibu lake chini ya picha kwa maneno yake. Watoto hupenda mno kusomewa maneno yao wenyewe.

Katuni za simu si zinafundisha hayohayo?

Baadhi ni nzuri. Lakini katuni haisimami kumsubiri mtoto ajibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unashauri aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa muda wa kukaa tuli wenyewe wanapendekeza kusomewa na kusimuliwa hadithi.

Nitajuaje kwamba kitabu hakitoshi?

Mpeleke kituo cha afya kama anajiumiza kwa makusudi, kama huzuni au woga unadumu kwa wiki kadhaa na kumzuia kula, kulala au kucheza, kama amepoteza maneno au uwezo aliokuwa nao, au kama hamtazami mtu usoni wala haitikii jina lake. Usisubiri "atakua tu".

Tukisoma, alionyesha picha ya mtu mzima akasema, "Huyu ananishika kama anko." Nilishtuka, sikujua la kusema.

Usifunge kitabu ghafla, na usipaze sauti. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Muulize swali moja lililo wazi, "Niambie zaidi," kisha sikiliza bila kumpachika maneno wala kumhoji mara kwa mara, mahojiano waachie waliofunzwa. Mweke mbali na mtu huyo siku hiyohiyo, na usimkabili mtuhumiwa mwenyewe. Kama huenda ameguswa sehemu za siri, mfikishe hospitali haraka, ikiwezekana kabla hujamwogesha wala kufua nguo alizovaa. Tanzania, toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Kenya namba ni hiyohiyo, 116. Andika alichokisema kwa maneno yake yenyewe, pamoja na tarehe.