Kiporo cha makusudi: oti za kulaza usiku

Bibi yangu alipokuja kutoka Kongwa mwezi wa sita, asubuhi ya kwanza alifungua friji, akatoa chupa ya jemu yenye kitu kizito cheupe, akakinusa. "Hiki kiporo cha nani?" Nikamwambia ni changu, nimekitengeneza makusudi jana usiku. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kwake kiporo ni kilichobaki: ugali wa jana unaopashwa, wali wa jana unaoshushiwa chai. Mtu kukaa jikoni saa tatu usiku akaandaa kiporo kabla hata chakula hakijaliwa, hilo hakulielewa.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu Nkuhungu, Dodoma, oti za kulaza, yaani oti zinazolowekwa kwenye maziwa na kulala ndani ya friji, zinaitwa kiporo cha makusudi, na sijapata jina zuri kuliko hilo. Mimi nimesomea sayansi ya chakula, na swali ninaloulizwa kuliko yote na wafanyakazi wenzangu tunaokimbizana na basi la kwenda Mtumba ni hili: kwa nini zangu zinakuwa laini kama aiskrimu iliyoanza kuyeyuka, na zao zinakuwa maji juu, makapi chini? Wengi wanadhani ni sukari, au ni maziwa ya bei. Siyo. Ni ute.

Chukua punje moja ya oti iliyobapwa, iweke kiganjani, idondoshee maji kidogo, subiri dakika kumi huku unafanya mambo mengine. Kisha isugue kwa kidole gumba. Utahisi inateleza. Ukivuta kidole juu, utaona uzi mwembamba unafuata kabla ya kukatika. Mgogo yeyote anaujua uzi huo, maana ndio anaoukata kwa tonge la ugali kila anapokula mlenda. Ute wa mlenda na ute wa oti si kitu kimoja ukiviangalia maabara, lakini kwa tabia ni ndugu: vyote ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini na kuyafanya maji yawe mazito. Wa oti unaitwa beta-glukani.

Hapo ndipo oti za kulaza zinapoachana na uji. Uji unakuwa mzito kwa sababu wanga wake umepata moto. Chembe za wanga huvimba na kupasuka zikifika kwenye nyuzi joto 60 hivi, ndiyo maana uji unaukoroga dakika kadhaa ukiwa mwepesi, kisha ghafla mwiko unakuwa mzito mkononi. Ndani ya friji hakuna moto wa kufanya kazi hiyo. Wanga wa oti unalowa tu na kubaki kama ulivyo. Kinacholeta uzito ni ute unaotoka taratibu na kuenea kwenye maziwa, nao hauna haraka. Ukizila baada ya saa moja unakula oti zilizolowa. Saa nne zinaanza kueleweka. Mimi naziacha saa nane, maana ndio usingizi wangu.

Sasa oti zenyewe. Dukani usiseme shayiri ukadhani mmeelewana. Kuna wanaoita oti shayiri, na kuna watakaokuletea shayiri ile ya kutengenezea kimea, ambayo ni nafaka nyingine kabisa. Soma kopo. Unazotaka ni zile zilizobapwa zikiwa nzima, pana kama kucha ya kidole kidogo. Hizo zimepitishwa kwenye mvuke kiwandani kisha zikagandamizwa kati ya rola, kwa hiyo si mbichi kama watu wanavyodhani, moto zimeshaupata. Zile za kuiva haraka zimekatwakatwa na kubapwa nyembamba zaidi. Zinatoa ute upesi mno na asubuhi unakuta gundi ya kubandikia mabango. Zile zilizokatwa bila kubapwa, ngumu kama chenga za mchele, waachie wenye jiko na muda.

Kipimo changu cha mtu mmoja: nusu kikombe cha oti, nusu kikombe cha maziwa, robo kikombe cha mtindi mzito. Huo ndio msingi. Mtindi usiuruke. Ndio unaotoa ule ulaini wa krimu, na uchachu wake unafanya utamu usikike. Mtu asiyekunywa maziwa atumie tui la nazi la kwanza, robo kikombe, na maji nusu kikombe, ila ajue kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye baridi, kwa hiyo asubuhi akoroge vizuri la sivyo atakutana na vidonge vyeupe.

Mpangilio ndio watu wanaoupuuza. Wanatupia vyote kwenye chupa, wanatikisa, wanafunga. Siagi ya karanga ikikutana na maziwa baridi inajikunja donge, na donge hilo utalikuta asubuhi lilivyo. Anza nayo: kijiko kimoja cha chai chini ya chupa, vijiko viwili vya maziwa ya moto, koroga mpaka iwe kama rojo la mchuzi. Ponda nusu ndizi humo humo. Halafu mtindi, halafu maziwa yaliyobaki, halafu chumvi kidogo ya kuchota kwa vidole viwili. Chumvi inashangaza watu, lakini oti bila chumvi ina ladha ya karatasi hata uiwekee asali kopo zima. Oti zinaingia mwisho, zinakorogwa mpaka hakuna iliyobaki kavu pembeni. Ukiwa na mbegu za chia, kijiko kimoja cha chai. Nazo zina ute wake, zitaongeza uzito. Kama huna, hujapoteza kitu.

Kuhusu utamu nina msimamo, na wifi yangu tumeshagombana juu yake. Sukari ya mezani siweki. Ndizi kisukari ikishapata madoa meusi, ile ambayo watoto wanaikataa, wanga wake mwingi umeshageuka sukari, na inasambaa kwenye maziwa usiku kucha. Zabibu kavu kijiko kimoja kikubwa zikilala humo zinavimba, zinarudisha umbo, na maji yanayozizunguka yanageuka matamu. Hizo mbili zinatosha. Wifi anaongeza asali ya Manyoni kijiko kimoja na anasema mimi najinyima. Labda. Asali ni nzuri, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata kwa kulambishwa, maana inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kupambana navyo.

Aliyeanzisha mtindo huu kule Ulaya hakuwa mpishi. Alikuwa daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, aliyekuwa akiwalisha wagonjwa wake mjini Zurich kwenye miaka ya 1900 hivi. Chakula chake kilikuwa hasa tofaa la kukwaruza, na oti zilikuwa kijiko kimoja tu kilicholowekwa majini usiku mzima. Ulaini wa krimu aliupata kwa maziwa ya kopo yale mazito yenye sukari. Nikisoma hapo huwa natabasamu, maana ni maziwa yale yale tunayopaka kwenye mkate. Siku ya wageni nami naweka kijiko kimoja. Wifi asijue.

Matunda ya hapa yana tabia zake. Msimu wa zabibu Dodoma unapofika, na kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nakata zabibu mbichi katikati na kuzitia asubuhi, si usiku, zisilegee. Nanasi na papai bichi usilaze kabisa na maziwa. Yana vimeng'enya vinavyovunja protini, na asubuhi utakuta uchungu usioujua umetoka wapi. Ubuyu ni kesi yangu ninayoipenda. Unga wa ubuyu una asidi nyingi, ukiumwaga kwenye maziwa matupu yanakatika vipande vipande. Lakini mtindi umeshaganda, hauna cha kukatika. Kwa hiyo nakoroga kijiko cha unga wa ubuyu kwenye mtindi peke yake, nauweka juu ya oti asubuhi, na hapo ladha inakuwa ya Dodoma kweli.

Niseme la usalama mara moja nisilirudie. Maziwa ya kununua kwa mfugaji chemsha mpaka yafure, yapoe, ndipo uyatumie. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe unaambukiza watu kupitia maziwa mabichi, na baridi ya friji haiui vijidudu vyake. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Mwaka jana umeme ulikatika usiku nikiwa nimelala, ukarudi alfajiri, nami nikaamka nikabeba chupa yangu bila kujua. Kwenye basi niliposokota mfuniko ulitoa mlio wa soda. Juu kulikuwa na vipovu, harufu kama ya togwa iliyopitiliza. Abiria wa pembeni aligeuza uso dirishani. Nilifunga na kushinda na njaa mpaka saa nne.

Asiye na friji naye ananiuliza kuhusu mtungi. Kweli, hewa yetu kavu inaupoza mtungi vizuri, na usiku wa mwezi wa saba Dodoma unahitaji blanketi. Lakini baridi inayokufanya wewe ujifunike bado ni joto la kutosha kwa vijidudu kwenye maziwa. Atumie chupa ya chai: asubuhi oti ndani, maji yaliyochemka juu yake, funga dakika 20 wakati anaoga, kisha amimine kwenye bakuli na kuongeza mtindi na ndizi. Si kitu kile kile. Ni kitamu lakini.

Watu wa presha na lehemu huniuliza kama ni dawa. Beta-glukani imechunguzwa sana, na tangu 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaruhusu makopo ya oti yaandikwe kwamba gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kwa siku, ndani ya mlo usio na mafuta mengi mabaya, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Chupa moja ya kipimo changu inakupa nusu ya hapo, pengine zaidi kidogo. Ni kifungua kinywa kizuri, vidonge vyako usiviache. Na mwenye kisukari ahesabu ndizi, zabibu na asali kama anavyohesabu sukari nyingine, asidanganywe na neno asili.

Bibi naye alikuwa na swali lake, na lilikuwa zuri kuliko yote. Mbona unanunua nafaka ya kutoka nje ya nchi, na uwele umejaa ghalani kwetu? Nilimjibu kwa vitendo. Nililoweka unga wa uwele kwenye maziwa kwenye chupa moja, oti kwenye nyingine. Asubuhi ya oti ilikuwa imeshikana; ya uwele ilikuwa na maji juu na mchanga chini. Uwele hauna ute wa aina ile, na unga wake haujapita kwenye mvuke. Wanga wake unataka moto. Kwa hiyo usiku uliofuata tulipika uji mzito wa uwele, dakika 20 za kuchemka polepole, tukauacha upoe kidogo, tukauingiza friji. Uliganda kama keki. Asubuhi tuliupiga kwa mchapo wa kupigia mayai pamoja na mtindi na siagi ya karanga mpaka ukalainika. Rangi yake ya kijivu haivutii kwenye picha, hilo nakiri. Ladha yake, hasa ukiweka zabibu kavu, nimeirudia mara nyingi tangu hapo.

Bibi alikula wa uwele siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta na chupa yangu ya oti, ameifikia nusu. Akaniambia mlenda wenu huu wa Kizungu haukosi ladha, tatizo ni baridi, unamng'ata meno. Basi siku hizi akija anaitoa kwenye friji saa kumi na mbili akitoka kusali, anaiweka dirishani penye jua, na saa moja kasoro anakula, akiwa amejifunga kanga mbili.