Pesti ya prosesa si gundi

Wiki hii nimesikia pesti ya prosesa ikiitwa "gundi" mara tatu, na ya tatu ikanishinda. Kijana kaniletea kompyuta aliyoifunga mwenyewe feni mpya ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta, inayopata moto ikifanya kazi), ile kubwa ya mabomba ya shaba inayouzwa peke yake. Kila akifungua gemu, inazima. Nafungua boksi, naona skrubu mbili kati ya nne hazipo. Namuuliza vipi? "Nilipaka gundi ya kutosha, kaka, ikashika."

Pesti ni ule uji mzito wa kijivu au mweupe unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki, yaani kile kipande cha chuma ambacho feni hukipuliza. Nyuso mbili hizo zinang'aa kama kioo, lakini zina mikwaruzo na vibonde visivyoonekana. Humo hukaa hewa, na hewa ni mbovu mno kupitisha joto. Pesti inaifukuza. Kazi yake ndiyo hiyo tu.

Sasa jina. Tumelitoa kwa Waingereza, na kwao neno hilo moja linabeba unga uliokandwa, dawa ya meno na gundi ya karatasi. Wao walilipata kwa Wafaransa wa zamani, kutoka Kilatini "pasta", ndugu wa hizi tambi tunazokula, na ukirudi nyuma zaidi unakuta Wagiriki na uji wao wa shayiri. Uji umefikaje kwenye gundi? Aliyetengeneza tiara utotoni hahitaji kuelezwa: kipande cha ugali kilitosha kubandika gazeti kwenye njiti. Ila watu wa kompyuta waliazima maana ya dawa ya meno, kitu laini cha kupaka. Sisi tukashika ile ya tiara.

Ningenyamaza kama ingekuwa jina tu, lakini mkono hufuata jina. Gundi ukiongeza inashika zaidi, kwa hiyo mtu anakamua nusu ya bomba. Tazama hesabu yake: shaba husafirisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kila digrii, pesti nyingi nzuri ziko kati ya 5 na 12, hewa ni 0.026. Yaani pesti inaishinda hewa mbali, lakini mbele ya shaba ni mtoto. Ukiipaka nene umeivisha prosesa blanketi. Punje ya njegere katikati inatosha, kisha mgandamizo wa hitisinki utaitandaza. Na mgandamizo unatoka kwenye skrubu, zote nne, ukikaza kimshazari, kidogo hii, kidogo ile.

Nakubali, pesti iliyokauka hunata. Kwenye bodi za AM4, zile za prosesa za kampuni ya AMD, pini ziko chini ya prosesa yenyewe, 1,331, na ukivuta hitisinki kwa hasira prosesa inang'oka nayo, pini zimepinda. Dawa yake ni kuiwasha kompyuta kwanza ipate moto, kuizima na kuchomoa waya wa umeme, kisha kuizungusha hitisinki taratibu huku na huku kabla ya kuinua. Lakini kunata kwa uji uliokauka si kushika. Hata ugali hunata kwenye sufuria.

Tena gundi halisi ya kupitisha joto ipo! Inabandika vihitisinki vidogo kwenye chipu zisizo na matundu ya skrubu, na mara nyingi inauzwa kwenye bomba dogo la sindano kama pesti. Ukiiweka kwenye prosesa, siku ya kuibandua mtaagana. Kwa hiyo dukani usiseme "gundi". Muuzaji akikuelewa vibaya, amekupa ulichoomba.

Yule kijana nilimfutia uchafu kwa spiriti, nikaweka punje mpya, nikamtafutia skrubu mbili kwenye kopo langu la vyuma. Kabla ya kuondoka akauliza, "Na hiyo gundi kaka, bomba moja bei gani?" Nikamtajia bei ya pesti.