Goshini na demanini: pande za chombo zinazopangwa na upepo

Kulia na kushoto kwa chombo hakubadiliki, wala omo (mbele) na tezi (nyuma). Lakini kwa nahodha wa chombo cha tanga pande zenye kazi ni mbili nyingine: goshini, upande upepo unakotoka, na demanini, upande unakokwenda. Goshini wengine huita joshini.

Zote mbili zimetokana na tanga. Tanga la pembetatu la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa henza. Ncha ya chini ya foromali, kule omo, huvutwa kwa kamba ya goshi. Pembe ya nyuma ya tanga hushikwa na kamba ya demani: ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza upepo unamwagika. Taka na maji machafu, bila shaka, humwagwa demanini. Anayejaribu goshini hurudishiwa usoni.

Pande hizi huhama chombo kinapobadili mwendo, na hapo ndipo kubisha kunapoeleweka. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuuendea upepo uso kwa uso. Wakati wa kusi, safari ya Dar es Salaam hadi Unguja ni rahisi, maana upepo unasukuma kutoka nyuma. Kurudi ndiyo kazi. Chombo huenda mshazari, upepo ukiwa ubavu mmoja, kisha hugeuzwa uje ubavu wa pili, na tena, hadi kifike. Huko ndiko kubisha. Kila kinapogeuzwa, iliyokuwa goshini inakuwa demanini. Jahazi kubwa kwa kawaida halipitishi omo kwenye upepo, maana tanga lingebanwa kwenye mlingoti. Huzungushwa kwa kuupa upepo tezi, na foromali huhamishiwa upande wa pili. Ni kazi ya watu wengi, na kila mgeuzo hupoteza masafa. Ndiyo maana wafanyabiashara wa zamani waliona heri kungoja kaskazi au kusi kuliko kubisha siku nyingi.

Upepo ukizidi, chombo hulalia demanini. Mabaharia huhamia goshini, na farumi, yaani uzito wa mawe au mifuko ya mchanga, nayo husogezwa huko. Katika mashindano ya Lamu utawaona wamekaa juu ya ubao uliotokeza nje kabisa ya chombo.

Pande hizi zimo hata katika sheria. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinasema vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, kila kimoja kikipata upepo ubavu tofauti, chenye upepo kushoto ndicho hupisha. Vikiwa na upepo ubavu mmoja, kilicho goshini humpisha mwenziwe aliye demanini.